Vanishi ya mbao si kinga ya picha

Hapa Kigoma, kuanzia Mwanga hadi Ujiji, bado wapo wanaoamini kwamba picha ya mati, yaani isiyong'aa, ikipakwa vanishi ya mbao haififii kamwe. Imani hiyo ni ya siku nyingi, nami husikitika nikiona picha ya mzee aliyekwisha kututoka ikiharibiwa na mikono ya wanaompenda.

Vanishi ya mbao yenye mafuta hugeuka njano miaka inavyopita. Juu ya mninga rangi hiyo hupendeza. Juu ya shela la bibi harusi ni hasara. Tena picha ya mati haing'ai kwa sababu uso wake una vinundu na vibonde vidogo mno vinavyotawanya mwanga. Vanishi nzito huvifukia, na picha huanza kung'aa kwa mabaka.

Kinachofaa ni vanishi ya akriliki, yaani ya plastiki angavu, ya kupuliza, ya mati, iliyotengenezwa kwa ajili ya picha na yenye kichujio cha miale ya urujuanimno (UV), ile ya jua isiyoonekana kwa macho. Kwa picha iliyochapishwa kwa wino, acha wino ukauke walau saa 24, jaribu kwanza kwenye picha iliyoharibika, kisha puliza tabaka nyembamba mbili au tatu. Msimu wa mvua, unyevu wa hewa huweza kuacha ukungu mweupe juu ya picha, kwa hiyo ngoja siku kavu.

Hata akriliki hupunguza tu kasi ya kufifia. Mwanga tunaouona nao hula wino, hasa ule unaoyeyuka majini, kwa hiyo itundike picha mbali na dirisha lipigwalo na jua.