Kwa nini chumba cha Degas kina giza: maelezo kwa wageni wa makumbusho

Tangu tulipozitundika upya pasteli za Edgar Degas, mchoraji Mfaransa wa karne ya 19, malalamiko yameongezeka na karibu yote yanafanana: chumba kina giza, walinzi wanakataza flashi, na picha iliyokuwepo mwaka jana haionekani. Idara yetu inayotunza kazi za karatasi inawashukuru wageni wanaojali kiasi hicho. Maelezo ni haya.

Pasteli ni unga wa rangi ulioshikizwa kwa gundi kidogo sana. Hauzami kwenye karatasi. Unakaa juu kama vumbi la chaki ubaoni. Degas alizidi kuurundika kadiri alivyozeeka, tabaka juu ya tabaka, akipulizia dawa ya kugandisha katikati, mara nyingi kwenye karatasi nyembamba ya kunakilia. Pengine alianza na chapa ya wino, kisha akaifunika kwa pasteli. Ndivyo ilivyotengenezwa ile ya mwaka 1876 hivi iliyoko Musée d'Orsay, Paris, yenye mcheza baleti mmoja kwenye mwanga wa jukwaa na, nyuma yake, mwanamume wa suti nyeusi aliyefichwa nusu na mapazia.

Baadhi ya rangi za zama hizo hufifia zikipigwa na mwanga, na kilichofifia hakirudi. Kwa hiyo taa zetu hazizidi luksi 50 (luksi ni kipimo cha mwanga), na baada ya miezi michache picha hushushwa ikalazwa gizani kwa muda mrefu. Haijaibiwa wala haijauzwa, tafadhali. Kuhusu flashi, niseme ukweli: mmweko mmoja hauunguzi picha. Lakini hatuwezi kuhesabu mimweko ya watu elfu, na wageni wengine wana haki ya kutazama bila kumulikwa machoni. Anayepiga flashi huonywa mara moja. Akirudia hutolewa chumbani, na tiketi hairudishiwi fedha hata kama ndiyo kwanza ameingia.

Sasa ile dhana kwamba Degas alikaa pembeni mwa jukwaa akichora alichokiona. Hapana. Michoro midogo aliifanya popote alipopata nafasi, lakini picha zenyewe alizijenga studio, kwa wasichana waliokuja kukaa mbele yake awachore na kwa kumbukumbu. Jumba la opera la mtaa wa Le Peletier, Paris, liliteketea Oktoba 1873, naye akaendelea kuchora vyumba vyake miaka kadhaa baadaye. Yule mzee mwenye fimbo katika darasa la baleti ni Jules Perrot, mcheza baleti mashuhuri wa kizazi kilichotangulia, aliyewekwa pale kwa uamuzi wa mchoraji. Degas mwenyewe hakulipenda jina la wana-impreshonisti, kundi la wachoraji wa Paris walioonyesha kazi zao pamoja, ingawa alishiriki maonyesho yao saba kati ya manane.

Kinachonivutia zaidi ni vitu ambavyo wageni wanavipita. Katika picha ya mwaka 1877 ya wasichana wawili wakinyoosha miguu kwenye ufito wa mazoezi, kuna keni ya kumwagilia maji sakafuni, kando ya ukuta. Imeachwa pale kwa sababu sakafu ilinyunyiziwa maji ili vumbi litulie. Tazama pia wanaojikuna mgongo, wanaopiga miayo, anayefunga kamba ya kiatu. Hiyo ndiyo kazi yenyewe. Maonyesho ya usiku yalikuwa sehemu ndogo tu ya siku yao.

Wageni wengi hudhani hawa ni mabinti wa matajiri. Wengi walitoka familia maskini. Marie van Goethem, aliyekuwa kielelezo cha sanamu ya mcheza baleti wa miaka kumi na minne iliyoonyeshwa mwaka 1881, alikuwa mtoto wa dobi, na mwaka 1882 alifukuzwa opera kwa kukosa mazoezi. Wanaume wa kofia ndefu nyeusi si baba zao waliokuja kuwachukua, ingawa nimelisikia hilo hata kwa walimu wanaoleta wanafunzi. Ni wenye tiketi za msimu, ambao malipo yao yaliwapa ruhusa ya kuingia nyuma ya jukwaa. Tumeshauriwa kulieleza hili kwa staha mbele ya watoto, kwa hiyo nitasema tu kwamba si wote waliofuata baleti.

Sanamu ya shaba ya Marie tuliyonayo si feki. Ile ya awali, ya nta, iko National Gallery of Art, Washington. Za shaba zilimiminwa baada ya kifo cha Degas mwaka 1917. Unaweza kuipiga picha bila flashi, bila stendi na bila fimbo ya selfi. Sketi yake ni kitambaa halisi: usiiguse. Anayeigusa huandikiwa ripoti na kuzuiwa kuingia.

Anayetaka kuona pasteli iliyopumzishwa aombe chumba cha kusomea kwa maandishi, akitaja kazi anayoitaka na sababu. Siku hiyo aje na kitambulisho, aache begi kwenye kabati, anawe mikono na asipake losheni. Penseli tu, kalamu ya wino hubaki mapokezi. Kazi hutolewa moja moja, ikiwa ndani ya fremu na kioo chake, na afisa ndiye anayeishika. Ombi la kutoa kioo hukataliwa, na kuliomba tena kwa afisa mwingine hakubadilishi jibu.