Tumbaku mwitu ya Australia inavyotuonyesha ugonjwa wa muhogo

Wageni wakiingia labu yetu hapa Mtwara wanategemea kukuta muhogo, wanakuta trei zimejaa miche midogo yenye majani laini, wanauliza mtaalamu mmeanza kulima tumbaku huku kusini? Ni tumbaku kweli ila mwitu, Nicotiana benthamiana, kwao ni kaskazini mwa Australia kwenye miamba na nchi kavu ambako mvua ni ya kubahatisha.

Ishu iko hivi. Muhogo wenye michirizi kahawia unadanganya sana, juu unaona majani ya kijani na shina limenyooka, unachimba unakuta ndani pameoza, pakavu kama kizibo, hata makopa hupati. Ugonjwa huu uliripotiwa toka 1936, Amani kule Tanga, na ukanda wetu wa pwani unautesa mpaka leo.

Sasa tunachofanya, tunachukua jani la muhogo tunaoushuku, tunalisaga na bafa (maji yenye chumvi maalumu ya kulinda kirusi) kwenye kinu kidogo, tunanyunyizia jani la tumbaku unga mkali wa msasa alafu tunapaka ule utomvu kwa kidole taratibu, yaani unakwaruza ngozi ya jani tu bila kulichana, kisha unasuuza na maji. Baada ya siku kadhaa majani yanaanza kujikunja. Virusi vya michirizi viko aina mbili, na ile kali mara nyingi inaukausha mche mpaka unakufa, ile nyingine inauumiza kidogo. PCR, kipimo cha kutafuta vinasaba vya kirusi, tunatumia pia, ila inakwambia kirusi kipo, ukali wake unauona kwenye mmea.

Kwa nini huu mmea unaumwa kirahisi hivyo? Mimea ina kinga ya kukatakata RNA, yaani vinasaba vya virusi hivi, na jeni moja inayosaidia kazi hiyo inaitwa Rdr1. Kwenye ukoo wa tumbaku hii unaotumika labu duniani jeni hiyo ni mbovu, zimeingia herufi 72 za DNA zisizotakiwa. Watafiti wa Australia walionyesha 2015 kwamba ukoo huu chimbuko lake ni Granites, kwenye jangwa la Tanami, na kwamba kupoteza kinga kumeendana na mbegu kubwa na ukuaji wa mbio, mmea unawahi kuzaa kabla unyevu haujakata. Mimi hapa ndo napenda sana, jangwani kasi imeuokoa kuliko kinga, na udhaifu huohuo ndo unatufaa sisi. Hata dawa ya majaribio ya Ebola ya 2014, ZMapp, ilitengenezwa ndani ya majani yake.

Wewe wa Tandahimba au Nachingwea huhitaji labu kuanza. Ukienda kukata pingili za kupanda, chimba kwanza shina lenyewe, katakata mizizi yake yote, ukiona hata doa moja la kahawia achana nalo, hata kama ni Kiroba, aina ya muhogo inayovumilia ugonjwa, maana Kiroba inavumilia tu, inaweza kukibeba kirusi na nzi weupe wakakipeleka shamba la jirani.