Rejimu si kunyimwa

Juzi pale soko la Nyawera, kwenye foleni ya sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, mama mmoja alikuwa anamweleza mwenzake habari za kijana wake wa miaka 8, yule asiyetulia darasani. "Balisema tumutie ku rejimu. Basi mayai tumekata, sukari tumekata, maziwa tumekata." Mwenzake akaitikia kama kwenye matanga: pole, mama. Sijui ni mara ya ngapi nasikia hapa Bukavu rejimu ikitajwa kama hukumu.

Rejimu ni mpango wa mlo: kinaliwa nini, kiasi gani, saa ngapi. Na TDAH aliyonayo kijana ni hali ya ubongo inayomfanya ashindwe kutulia, kukaza mawazo au kujizuia kama wenzake wa umri wake. Hakuna chakula kinachoiponya.

Linaloniudhi ni neno. Tulilipokea kutoka Kifaransa, nacho kililitoa kwenye Kilatini, regimen, lenye kitenzi regere: kuongoza, kunyoosha. Ndiyo maana wazee husema rejimu ya Mobutu, yaani utawala wake (ingawa kwa habari ya kunyimwa, hapo maana mbili zilikaribiana sana). Wafaransa huita hata mkungu wa ndizi régime, ila huo una ukoo mwingine: inaaminika ulitoka Kihispania, racimo, kichala, ukavutwa na sauti ya neno lililokuwepo. Nilipokuwa mdogo, nikiambiwa shangazi yuko ku rejimu, nilidhani anamaliza mkungu mzima peke yake. Nilikuwa karibu na ukweli kuliko mama wa Nyawera. Popote ulipochungulia katika regere, hukuti kukata. Unakuta kuongoza.

Kiswahili kingetuokoa kama tungesema lishe. Kula, kulisha, lishe: kumlisha mtu ni kumpa, na hakuna asikiaye neno hilo akaondoa sahani.

Sukari yenyewe imesingiziwa mengi. Mwaka 1994, huko Marekani, Daniel Hoover na Richard Milich waliwachukua akina mama walioamini kwamba sukari huwarusha watoto wao. Baadhi waliambiwa mtoto amekunywa sukari nyingi, kumbe watoto wote walipewa kinywaji kisicho na sukari kabisa. Waliodanganywa ndio waliowaona watoto wao wakihangaika zaidi. Mwaka uliofuata, Mark Wolraich na wenzake wakakusanya majaribio yaliyokuwepo, na sukari haikuonekana kubadili tabia. Meno ni kesi nyingine.

Rangi za kutengenezwa zina hoja kidogo. Utafiti wa Southampton, Uingereza, mwaka 2007 uliona baadhi ya watoto wakichangamka kupita kiasi, na tangu 2010 Ulaya inadai onyo kwenye vyakula vyenye rangi yoyote kati ya 6 za namna hiyo. Kuna pia rejimu ya kuondoa vyakula vingi kwa wiki chache, chini ya macho ya mtaalamu wa lishe, kisha kurudisha kimoja kimoja ili kujua kipi kinamsumbua mtoto. Huku kwetu tunashika nusu ya kwanza tu. Kurudisha hakumo.

Na mtoto anayemeza metilfenidati, dawa ya TDAH, mara nyingi hukosa hamu ya kula. Chakula cha mchana kinarudi nyumbani hakijaguswa. Rejimu ya huyo ni kuongeza: uji wa mahindi na soya asubuhi kabla ya kidonge, sahani ya kushiba jioni nguvu ya dawa ikiisha, na kumpima kilo mara kwa mara. Madini ya chuma yakipungua mwilini nayo huharibu umakini, kwa hiyo damu ipimwe kabla ya kununua vidonge vya madini hayo. Maharage na lenga-lenga (mchicha) havihitaji kipimo.

Zamu yangu ilipokaribia nikamgeukia mama yule. "Mama, mayai mumurudishie. Na hizi sambaza mumupatie."

"Na rejimu?"

"Njo yenyewe."

Akacheka, akaongeza kipimo kimoja kwenye mfuko wake. Halafu akauliza kama ile juisi ya unga, nyekundu, nayo irudi. Hiyo hapana, nikamwambia, hiyo hata mimi ningekata.