Kugandisha maiti: mali na jina kubwa havitoshi kumlinda marehemu

Wengi huamini kwamba Walt Disney amegandishwa mahali fulani akisubiri kufufuliwa. Ukweli ni kwamba Disney alifariki Desemba 1966 na mwili wake ukachomwa. Mtu wa kwanza kuhifadhiwa kwa krioniki, yaani kugandishwa baada ya kufa kwa matumaini ya kufufuliwa baadaye, alikuwa James Bedford, mwalimu wa saikolojia wa California ambaye hakuwa maarufu, Januari 1967. Hadi leo hakuna hata mmoja aliyeamshwa, wala njia ya kumwamsha haijulikani.

Si kweli pia kwamba huduma hii ni ya matajiri wakubwa peke yao. Alcor, shirika la krioniki la Arizona, hutoza dola 200,000 au zaidi kwa mwili mzima, lakini Cryonics Institute ya Michigan huanzia dola 28,000, na wanachama wengi hulipia kwa bima ya maisha.

Wengine hudhani umeme ukikatika miili itaoza. Matangi yanayohifadhi miili hayatumii umeme. Yana naitrojeni ya kimiminika yenye nyuzi joto -196 za Selsiasi, ambayo hupungua polepole na lazima mtu aiongeze. Kwa miaka kadhaa Bedford alitunzwa na mkewe na mwanawe, waliomhamisha kutoka hifadhi moja hadi nyingine kabla Alcor haijamchukua, na kwa maoni yangu uaminifu huo ndio uliomhifadhi kuliko fedha alizoacha.

Dhana iliyo nzito zaidi ni kwamba mwenye hadhi akishalipia, heshima yake imelindwa milele. Kisheria, nchini Marekani, aliyegandishwa ni maiti iliyotolewa kama mchango wa mwili. Kuitwa "mgonjwa" ni heshima anayopewa na watunzaji wake, si haki anayoweza kuidai, na hivyo hatima yake imo mikononi mwa walio hai. Huko Chatsworth, California, miili kadhaa iliyeyuka na kuoza makaburini katika miaka ya 1970, baada ya fedha kuisha na baadhi ya ndugu kuacha kuchangia. Hata Ted Williams, nyota wa besiboli aliyefariki 2002, hakuokolewa na jina lake: binti yake mkubwa alishikilia wosia uliotaka achomwe, huku mwana wa kiume wa Williams akitoa karatasi yenye madoa ya mafuta na saini ya baba, inayotaka agandishwe. Shauri liliisha kwa makubaliano ya wanafamilia, na mwili ukabaki Alcor.