Risasi za mazoezi kwa rivolva: ni zipi hasa?

Risasi za mazoezi ni risasi kamili, zinaua kama nyingine zote. Zimepewa jina hilo kwa sababu kazi yake ni kutoboa karatasi: mtu apige hamsini au mia kwa mkupuo bila mkono kufa ganzi wala mfuko kutoboka.

Anayenunua rivolva ya kwanza (bastola yenye silinda inayozunguka, yenye matundu ya kuwekea risasi) huulizia bei ya risasi kabla ya kitu kingine. Kabla ya bei, asome maandishi yaliyochongwa ubavuni mwa mtutu. Tuchukue bastola inayopatikana sana Marekani, iliyoandikwa .357 Magnum. Hiyo inapiga risasi za namna mbili: za .357 Magnum zenyewe, na za .38 Special. Vichwa vya risasi hizo, yaani sehemu inayoruka, vina kipenyo kimoja, inchi 0.357, licha ya majina kutofautiana. Magnum ilipoingia sokoni mwaka 1935, ganda lake (kikopo cha chuma kinachobeba baruti na kichwa) lilirefushwa kwa zaidi kidogo ya milimita 3 ili lisiweze kuingia kwenye rivolva za .38, ambazo zisingehimili nguvu zake. Kwa hiyo silinda ya Magnum inapokea ganda fupi, lakini silinda ya .38 haipokei ganda refu. Kwa viwango vya watengenezaji wa Marekani, kikomo cha shinikizo la .38 Special ya kawaida ni psi (pauni kwa inchi ya mraba) 17,000. Cha Magnum ni 35,000.

Jihadhari na jina linalofanana: .38 S&W (Smith & Wesson) si .38 Special. Ganda lake ni fupi na nene zaidi, na ndilo lililotumika kwenye rivolva za Webley na Enfield za majeshi ya Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Pili. Muuzaji mwenye haraka anaweza kukupa boksi lisilo lako.

Mwenye Magnum afanyie mazoezi na .38 Special. Teke lake, yaani msukumo wa bastola kurudi nyuma, ni dogo, na anayejifunza anahitaji kukivuta kifyatulio cha bastola taratibu bila kufumba macho kabla mlio haujatoka. Hapa rivolva ina bahati ambayo bastola ya magazini haina. Bastola ya magazini hutegemea nguvu ya risasi kusukuma chuma cha juu kirudi nyuma na kupakia nyingine. Risasi dhaifu huikwamisha. Silinda ya rivolva inazungushwa na kidole chako mwenyewe, hivyo hata risasi laini kabisa inafaa.

Ndiyo maana wapiga shabaha walitengenezewa risasi ya kichwa bapa, ya uzito wa greni 148, yaani gramu 9.6 hivi. Kichwa chake kimezamishwa hadi usawa wa mdomo wa ganda. Ukiitazama kwa haraka unaweza kudhani ni ganda tupu. Kwenye karatasi inaacha tundu safi la mviringo, kama la mashine ya kutobolea karatasi ofisini, na alama zinahesabika bila ubishi. Mara nyingi huuzwa ghali kuliko za kichwa cha duara. Kwa anayeanza, za duara za greni 158 zinatosha kabisa.

Uzito una maana nyingine. Kama vilengeo vya bastola yako havirekebishiki, kichwa chepesi na cha kasi huwahi kutoka kabla mtutu haujanyanyuka sana, hivyo hupiga chini; kizito huchelewa na kupiga juu. Nunua boksi moja moja za aina mbili tatu, uone ipi inapiga pale unapolenga, ndipo ununue nyingi.

Ukishapiga .38 nyingi, masizi na masalia ya risasi hujijenga kuwa pete ngumu ndani ya tundu la silinda, pale ganda fupi lilipoishia. Siku ukiweka Magnum, ganda refu linagota kwenye pete hiyo. Usilisukume kwa nguvu. Sugua kila tundu kwa brashi ya shaba na dawa ya kusafishia, kisha unawe mikono kwa sabuni.

Risasi zilizojazwa upya na mtu usiyemjua ziache, hata bei ikivutia. Ganda likikosa baruti, kiwashio (kidude cha kitakoni mwa ganda kinachowasha baruti) peke yake kinaweza kukisukuma kichwa hadi katikati ya mtutu na kukiacha humo. Utasikia mlio hafifu, wa kupwaya, na teke hakuna. Bastola ya magazini pengine ingekwama hapo; silinda yako itazunguka kama kawaida, na risasi inayofuata inaweza kupasua mtutu. Acha papo hapo. Elekeza bastola kwenye shabaha, subiri nusu dakika, toa risasi zote, umwite msimamizi wa uwanja aukague mtutu.