Benki ya wananchi huishi kwa kujuana, na huweza kufa kwa kujuana

Kila nikienda wilayani kutoa elimu kwa wanahisa wa benki za wananchi, zile zinazomilikiwa na watu wa eneo lenyewe, kuna swali halikosi: kwa nini tuhangaike na benki yetu ndogo, wakati benki kubwa zina matawi na mawakala hadi gengeni? Swali hilo nalipenda, kwa sababu anayeuliza kwa kawaida ni mtu ambaye fedha yake imo.

Kulijibu kunahitaji kurudi nyuma kidogo. Februari 1967, siku moja baada ya kutangazwa kwa Azimio la Arusha, mabenki ya biashara nchini yalitaifishwa na ikaundwa Benki ya Taifa ya Biashara, NBC. Kwa zaidi ya miaka ishirini mwananchi wa kawaida alikuwa na karibu mlango huo mmoja tu. Sheria ya Mabenki na Taasisi za Fedha ya mwaka 1991 ikafungua soko, na benki binafsi zikaja. Zilikuja mijini. Wakati huohuo NBC ilikuwa ikijipanga upya na kufunga matawi yaliyoleta hasara, mengi yakiwa vijijini. Mkulima akabaki na fedha za mavuno ndani ya kopo, au apande basi kwenda kuziweka na apande basi tena siku ya kuzitoa.

Hapo ndipo watu walipoanza kuchangishana mtaji. Mkoani Kilimanjaro, Benki ya Ushirika ya Kilimanjaro ilifungua milango mwaka 1996, ikimilikiwa hasa na vyama vya ushirika. Haikuwa jambo geni kwa wakulima wa pale. Wachagga walikuwa na chama chao cha wapanda kahawa, KNPA, tangu 1925, na KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima hao, ikafuata mwaka 1933. Watu waliozoea kupima kahawa yao kwenye mzani wa chama chao hawakushangaa kuambiwa kwamba hata benki inaweza kuwa yao. Mufindi wakafuata mwaka 1998, Mwanga mwaka 2000, na Dar es Salaam mwaka 2002, ambako halmashauri za jiji na manispaa zilitia fedha ili wafanyabiashara wadogo wapate pa kukopa.

Tunaposema benki ya namna hii inajitegemea, tunamaanisha kwamba si tawi la mtu. Bodi inachaguliwa na wanahisa walio pale pale. Ombi la mkopo halisafiri kwenda makao makuu na kurudi baada ya mwezi likiwa na jibu la mtu asiyejua kama Mafinga kuna mbao au samaki. Amana iliyowekwa pale inakopeshwa pale.

Niliwahi kufuatana na afisa mikopo mmoja kwenda kumtembelea mama muuza dagaa aliyeomba mkopo. Mama hakuwa na hati ya kiwanja wala karatasi ya mshahara. Alikuwa na daftari la kaunta lenye jalada gumu, kurasa zimeingia mafuta, humo ameandika kila gunia lililoingia na kila mteja mwenye deni lake. Afisa alilisoma ukurasa kwa ukurasa huku akiuliza: huyu wa hapa si alihama? Huyu je, si ndiye aliyefiwa? Kisha akaenda kwa jirani, akaenda kwa mweka hazina wa VICOBA, kikundi cha kuweka na kukopeshana, akathibitisha kwamba mama hajawahi kuchelewesha mchango wake. Mkopo ukapitishwa wiki ileile. Kompyuta ya benki kubwa ingemkataa mama yule kabla hajamaliza kujieleza. Hiyo ndiyo mali ya benki ya wananchi: inamjua mteja wake.

Ila kujuana huko huko ndiko kunakoiua, na hili sisi watoa elimu tumelisema kwa aibu mno. Anayekopa ni shemeji wa mjumbe wa kamati ya mikopo. Miezi sita hajarejesha, na kila mtu anajua gari alilonunua, lakini nani atatia saini barua ya kukamata dhamana wakati Jumamosi mtakutana msibani? Mkopo unaongezewa muda, kisha unaongezewa tena. Huo ni mkopo chechefu, hata kama kwenye kikao unaitwa "mkopo unaofuatiliwa".

Na hata bila upendeleo, benki ya wilaya moja ina ugonjwa wake wa asili. Bei ya kahawa ilipoporomoka duniani mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwenye maeneo ya kahawa hakushindwa mkopaji mmoja. Walishindwa wengi kwa pamoja, na jirani zao wenye akiba walikuja kuzitoa msimu huohuo.

Kinachozuia pigo kama hilo lisifike kwa mwenye akiba ni mtaji, yaani fedha ya wenye benki wenyewe. Chukua mfano wa benki yenye mtaji wa shilingi milioni 500 iliyokopesha bilioni 3, nyingi zikiwa amana za wateja. Mikopo ya asilimia 10 isiporudi, zimepotea milioni 300, na zinakatwa kwenye mtaji: zimebaki 200. Ikifika asilimia 20, zimepotea milioni 600. Mtaji umekwisha, na milioni 100 iliyosalia inatoka kwenye fedha ya mama wa dagaa. Mapenzi ya watu kwa benki yao hayawezi kujaza pengo hilo. Ndiyo maana Benki Kuu ilizitaka benki za wananchi ziwe na mtaji usiopungua shilingi bilioni 2, na ndiyo maana haikurudi nyuma muda ulipokwisha. Leseni ya Benki ya Wananchi Mbinga ilifutwa mwaka 2017. Tarehe 4 Januari 2018 zilifutwa leseni za benki tano kwa mpigo, zikiwemo za wananchi wa Njombe na Meru na ile ya ushirika ya wakulima wa Kagera. Kuna walioiona hatua hiyo kuwa ya kikatili. Mimi naona kilichoumiza zaidi ni miaka ya kusubiri iliyoitangulia, ambapo wanahisa waliambiwa kila mkutano kwamba hali ni nzuri.

Zilizosalia zilichukua njia tofauti. Ile ya Dar es Salaam, leo DCB, ilikuwa imeshaingia Soko la Hisa mwaka 2008. Mwanga iliungana na taasisi nyingine mbili mwaka 2020 na kuwa Mwanga Hakika. Ile ya ushirika ya Kilimanjaro na ile ya wananchi wa Tandahimba, kahawa na korosho, ziliingia katika Benki ya Ushirika Tanzania, iliyozinduliwa Dodoma Aprili 2025. Kuungana si kushindwa. Msimu wa kahawa ukiharibika, wa korosho unaweza kubeba. Lakini kadiri benki inavyokua, ndivyo yule afisa wa kusoma daftari la dagaa anavyopata mafaili mengi na siku chache, na sijaona bado nani amelitatua hilo vizuri.

Baada ya semina moja, mzee mmoja alinionyesha hati yake ya hisa, imekunjwa mara nne hadi karatasi imelainika kama kitambaa. Benki yake ilikuwa imefungwa. "Mwanangu, hii bado ni kitu?" Ilinibidi nimweleze jambo ambalo alistahili kuambiwa siku ile anainunua. Amana ina kinga ya Bodi ya Bima ya Amana, zamani hadi shilingi milioni 1.5, sasa hadi milioni 7.5 kwa mteja. Hisa haina kinga hiyo. Mwenye hisa ni mwenye benki, na benki ikifilisika yeye hulipwa wa mwisho, kama kimebaki kitu.

Kwa hiyo wewe mwenye hisa, usiende mkutano mkuu kwa ajili ya soda na nauli. Benki hutangaza taarifa zake za fedha; zitafute, ufuatilie mambo matatu. Mikopo chechefu: Benki Kuu inataka isizidi asilimia 5 ya mikopo yote. Uwiano wa mtaji wa msingi, yaani mtaji wa benki ukilinganishwa na mikopo na mali zake nyingine kwa kadiri ya hatari yake: usiwe chini ya asilimia 10. Na mikopo waliyopewa wajumbe wa bodi, wafanyakazi na watu wao wa karibu, ambayo kanuni zimeiwekea ukomo. Hilo la tatu liulize kwa sauti, ukiwa umesimama, na uombe jibu liingie kwenye muhtasari wa kikao.