Kwa nini watu hulipa ili waogopeshwe, na moyo unasemaje?

Kwenye vibanda umiza vya Kigoma, filamu ya mizimu ikifika patamu benchi zima hupiga yowe, kisha kicheko. Watu wametoa hela yao ili watishwe. Je, moyo hauumii?

Moyo wenyewe hauangalii filamu, hupokea amri tu. Kitu kikikurupuka kwenye skrini, sehemu ndogo ya ubongo iitwayo amigdala hupiga mbiu ya hatari kabla hujakumbuka kwamba ni maigizo. Tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini, mapigo huenda mbio, presha hupanda, ini hutoa sukari ili misuli ipate nguvu ya kukimbia. Ukishabaini kwamba hakuna kitu, mwili hutulia baada ya muda mfupi. Ndipo kicheko kinapotoka.

Huko Leiden, Uholanzi, mwaka 2015 watafiti waliwaonyesha vijana 24 wenye afya filamu ya kutisha, na siku nyingine filamu ya mafunzo. Baada ya ile ya kutisha, protini mojawapo inayosaidia damu kuganda iliongezeka, kana kwamba mwili unajiandaa kwa jeraha. Lakini hakuna dalili kwamba mabonge ya damu yalijitengeneza.

Kwa hiyo mwenye moyo mzima na aangalie tu. Wasiwasi wangu uko kwa wenye mishipa ya moyo iliyoziba, au presha isiyodhibitiwa, ambayo wengi hawajui hata kama wanayo. Upo pia ugonjwa ulioelezwa Japani mwaka 1990, takotsubo: mshtuko mkubwa, kama wa msiba, hulegeza misuli ya moyo ghafla. Huwapata zaidi wanawake waliokoma hedhi, na wengi hupona ndani ya wiki chache.

Ndiyo maana mchezo wa kujificha nyuma ya mlango na kumkurupua bibi naona ni mbaya kuliko filamu yoyote. Wa kibandani anajua kinachokuja na anaweza kutoka nje, bibi hakuulizwa.

Na kijana anayezimia akishtuliwa, hasa kama kwao kuna ndugu aliyefariki ghafla akiwa bado mdogo, asichekwe kwamba ni mwoga. Huenda ana hitilafu ya kurithi kwenye umeme wa moyo. Apelekwe hospitali apimwe ECG, yaani kipimo cha umeme wa moyo.